Dawa ya majani ya kulinda maini: namna ya kuitumia bila kujiumiza

Huku Bukavu watu wengi wanakunywa mubirizi (yale majani machungu), moringa na manjano juu ya maini, na mimi siko hapa kukataza dawa ya miti, wazazi wetu waliitumia na bado tunaitumia, ila kuna namna ya kuitumia.

Kwanza angalia macho. Yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, ama tumbo linavimba, acha majani, enda hopitali leo leo. Njano ya macho inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa hepatiti B, ugonjwa wa maini unaoletwa na virusi, inaweza kuwa jiwe limeziba njia ya nyongo, na hakuna jani moja linalotibu yote matatu. Labo watapima bilirubini, ile rangi ya njano ndani ya damu, na transaminazi, hizi transaminazi ni vitu vinavyomwagika kwenye damu seli za maini zikivunjika. Omba pia wakupime hepatiti B.

Sasa utasikia mtu anasema mubirizi imehakikishwa na wasayansi. Mara nyingi walichofanya ni hiki: panya anakunywa maji ya mubirizi siku kadhaa, kisha anapewa sumu, kwa mfano parasetamoli nyingi sana, halafu wanapima damu, na kweli panya aliyekunywa majani anaumia kidogo kuliko mwenzake, jambo zuri kabisa, mimi natamani utafiti huo uendelee kwa watu. Lakini ona vizuri, majani yalitangulia sumu! Mtu ambaye maini yake yameshaharibika miaka mingi siye yule panya. Hata Silybum marianum, mmea wa Ulaya uliojaribiwa kwa watu kuliko mingine, silimarini, dawa inayotolewa ndani yake, ilipopewa wagonjwa wa hepatiti C kule Marekani kwa wiki 24, matokeo yakatoka 2012, transaminazi hazikushuka kuliko za wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani.

Ukiamua kutumia, tumia kama chakula. Manjano kwenye mchuzi sawa, moringa kama mboga sawa. Shida inaanza kwenye iliyokolezwa, vidonge vya manjano vilivyochanganywa na pilipili manga vimeshaumiza maini ya watu, vidonge vya chai ya kijani pia. Kukoleza kunaongeza dawa na kunaongeza sumu pamoja. Jani lenyewe ulione kwa macho yako, likiwa zima na bichi, usinunue maji ya kwenye bidoni ambayo hujui ndani kuna nini. Tumia mmea mmoja tu kwa wakati mmoja, ukichanganya mitano na mwili ukawasha hutajua ni upi. Ukisikia kichefuchefu, kuwashwa, mkojo kuwa mweusi, acha siku ile ile na urudi labo.

Mama mwenye mimba aache kabisa. Na wewe uliye kwenye dawa ya kifua kikuu ama ARV, tafadhali mwambie dokta kabla, usimfiche, izoniazidi na pirazinamidi peke yake zinachosha maini tayari.

Halafu ondoa ile sumu yenyewe, hapa ndipo nguvu iko kuliko kwenye jani lolote. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asipite kompreme 8 kwa masaa 24, na kama unakunywa pombe kila siku ama umekonda sana chukua chini ya hapo. Mtu akimeza nyingi usimpe mubirizi, mkimbize hopitali hata kama anasema yuko sawa, juu dawa yake, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya masaa 8 ya kwanza na maumivu yanaweza kuchelewa. Lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, punguza, ama acha. Mtoto apate chanjo zake zote, ya hepatiti B iko ndani ya ile ya wiki 6, 10 na 14.

Na karanga na mahindi yaliyoota ukungu, tupa, kukaanga hakumalizi ile sumu ya aflatoksini, na usiwape kuku pia.