Kunyoosha mwale wa leza kwa vioo viwili bila kukesha maabara

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinifuata ofisini, vidole vimemwiva wekundu. "Kaka, tangu asubuhi nazungusha skrubu. Doa likikaa huku, kule linatoka." Nilicheka, maana na mimi yalinikuta, tena vibaya zaidi. Tulipomaliza nikaona niandike, asije mwingine akapoteza siku.

Kazi yenyewe: mwale wa leza ya heli na neoni, ule mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, upite sambamba na meza mpaka kwenye intaferomita ya Michelson, yaani kifaa kinachogawa mwale mara mbili kisha kuulalisha tena pamoja ili kupima misogeo midogo sana.

Hatua ya 1: Macho

Vua saa, pete na bangili. Kitambulisho cha shingoni nacho weka mfukoni. Kile kiplastiki kinachong'aa kikining'inia juu ya meza ni kioo kisicho na mwenyewe. Usishushe kamwe uso ukalingana na mwale. Skrubu ikidondoka, ziba leza kwanza, ndipo uiname.

Na tafadhali, usiniletee zile tochi za leza za kijani za mtaani. Nyingi hutengeneza kijani kutokana na mwanga wa nanomita 1064 usioonekana kwa jicho, na za bei rahisi mara nyingi hazina kichujio cha kuuzuia. Unaona doa la kijani, kumbe kuna kingine kinachotoka usichokiona. Maandishi ya nguvu yaliyobandikwa ubavuni nayo siyaamini.

Hatua ya 2: Washa, ngoja, pima urefu

Washa leza nusu saa kabla, maana mrija ukiwa unapata joto mwanga hauwi tulivu. Chagua urefu mmoja kwa vitu vyote. Mimi hutumia sentimita 10 kutoka juu ya meza. Pima kwa rula, kifaa kimoja kimoja.

Kadi ya kufuatia mwale: kata kadi ya mchango wa harusi, tumia upande usiong'aa. Ni ngumu, nyeupe, na kila mtu anazo za kutosha. Karatasi ya kawaida inajikunja.

Hatua ya 3: Vioo

Tumia kioo kilichopakwa madini upande wa mbele. Kioo cha kujitazamia kimepakwa nyuma, kwa hiyo uso wa mbele nao unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga na unapata doa la pili la uongo. Usiguse uso wake kwa kidole. Basi.

Hatua ya 4: Vioo viwili, matundu mawili

Hapa ndipo watu wanapolia. Mwale una mambo mawili ya kurekebisha: mahali unapopita na uelekeo wake, na kila moja lina juu-chini na kushoto-kulia. Hizo ni namba nne. Kioo kimoja kina skrubu mbili. Ndiyo maana kioo kimoja hakitoshi, hata ukizungusha mpaka Krismasi.

Panga hivi: leza, kioo cha kwanza, kioo cha pili sentimita 30 mbele yake, halafu tundu A karibu kabisa na kioo cha pili, kama sentimita 5, na tundu B mbali, mita moja na nusu kutoka kioo hichohicho. Kama huna viwambo vya tundu la kufunga na kufungua, kipande cha boksi chenye tundu la milimita 2 kinatosha, ilimradi matundu yote mawili yawe kwenye urefu wako.

Kisha:

Kwa kioo cha *kwanza*, peleka doa katikati ya tundu A.
Kwa kioo cha *pili*, peleka doa katikati ya tundu B.
Rudi A kwa kioo cha kwanza. Rudi B kwa kioo cha pili. Endelea.

Zungusha kidogo kidogo. Kioo kikigeuka nyuzi 1, mwale unageuka nyuzi 2, na kwa mita moja na nusu hiyo ni zaidi ya sentimita 5. Doa likipotea, usilitafute kwa kuzungusha ovyo. Rudi nyuma na kadi mpaka ulikute.

Kwa vipimo hivyo, kila raundi inabakiza kama asilimia 17 tu ya kosa. Ukianza na milimita 5 kwenye B, unabaki na 0.9, halafu 0.15, halafu huoni tena. Raundi tatu, chai.

Sasa yaliyonikuta. Meza yetu ilikuwa imejaa vitu, nikaona nibane matundu yote upande mmoja: A sentimita 60 kutoka kioo cha pili, B sentimita 80. Kanuni nilifuata vilevile. Kila raundi doa lilisogea, lakini kwa unywele. Nilianza saa tisa alasiri. Mlinzi alikuja kutikisa funguo mlangoni bado nazungusha. Nililaumu skrubu, nikalaumu meza, nikafungua kishikio cha kioo kizima nikakifunga upya, nikaharibu hata kile kidogo nilichopata.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kwa mpangilio ule kila raundi inabakiza asilimia 92 ya kosa. Yaani raundi 8 ili kosa lipungue nusu! Skrubu hazikuwa na hatia. Matundu ndiyo yalikuwa yanabanana.

Kosa la mwanafunzi wangu lilikuwa jingine: matundu aliyaweka vizuri, ila alibadilisha kazi za vioo, cha kwanza kwa B, cha pili kwa A. Hapo kosa *linakua*, karibu mara sita kila raundi. Kama doa linakukimbia kadiri unavyojitahidi, usiendelee. Badilisha kazi za vioo.

Hatua ya 5: Intaferomita

Weka kioo kigawanyaji, kile kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine, na vioo viwili vya mwisho vya kuurudisha mwanga, kimoja kwa kila njia. Kila njia hiyo tunaiita mkono. Ukutani utaona madoa mengi, kwa sababu upande wa pili wa kigawanyaji nao unaakisi kidogo. Ziba mkono mmoja wa intaferomita kwa kadi, tambua doa kali zaidi la mkono wa pili, kisha fanya kinyume. Hayo mawili makali ndiyo ya kulaliana. Geuza kioo kimoja tu cha mwisho. Yakilaliana sawasawa yanaanza kumetameta.

Weka lenzi ndogo kabla ya kigawanyaji. Ukiona mistari myembamba iliyobanana, geuza skrubu upande unaoifanya ipanuke, mpaka ijikunje kuwa miduara. Zima pangaboi, vinginevyo picha nzima itatetemeka. Mwale unaorudi kwenye leza uangukie pembeni kidogo ya tundu lake, usiingie ndani, maana utaisumbua.

Kila mduara unaozaliwa katikati au kumezwa maana yake kioo kimesogea nusu ya urefu wa wimbi, nanomita 316.4. Miduara 100 ni milimita 0.0316. Usihesabu kwa macho, utapotea ukifika arobaini. Rekodi video kwa simu.

Mwisho kaza nguzo zote zinazoshikilia vifaa, kisha angalia A na B tena. Kukaza kwenyewe huwa kunasogeza.