Kulima bila udongo nyumbani: umeme ukikatika, mmea wako utaishi?

Wengi wanaotaka kulima bila udongo, yaani kwa maji yenye virutubisho, huuliza kwanza ni mfumo upi unaozaa sana. Mimi ningeanzia kwingine: pampu ikizima saa saba mchana na wewe haupo, mizizi itapata wapi maji na hewa?

Mfumo wa mabomba, ambamo maji membamba yenye virutubisho hupita chini ya mizizi, unapendeza kweli kwenye picha. Lakini hauna akiba. Jua likiwa kali na pampu imezima, saladi hunyauka ndani ya saa chache. Kama huna betri ya dharura, achana nao.

Anayeanza na mboga za majani atafute ndoo yenye mfuniko, isiyohitaji pampu kabisa. Njia hii ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Toboa mfuniko, tia mche kwenye kikombe chenye matundu, ncha za mizizi ziguse maji. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hushuka na mizizi ya juu hubaki hewani, ikiota vinyweleo vyeupe. Hiyo ndiyo inayopumua. Kosa la kawaida ni mtu kuona ndoo imepungua akaijaza tena hadi juu. Mizizi ile huzama na mmea hudhoofu. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo tu. Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo utafuga mwani.

Nyanya, hoho na matango hunywa mno, hivyo ndoo ndogo haiziwezi. Zipande kwenye kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) na umwagilie kwa matone. Kokopiti hushika maji, na umeme ukikatika utamwagilia kwa jagi. Ioshe kwanza, maana mara nyingi huja na chumvi. Mfumo wa utambi, ambamo utambi huvuta maji kutoka chomboni hadi kwenye mizizi, waachie viungo vidogo kama rihani.

Vyovyote utakavyochagua, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 5.5 na 6.5, na chombo kikae kivulini: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 20. Mizizi ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka, imeanza kuoza.

Ukitengeneza virutubisho mwenyewe, usichanganye mbolea ya kalsiamu naitreti na zile za salfeti zikiwa bado kali, yaani hazijazimuliwa kwa maji mengi. Zitagandana na kutuama chini kama chokaa. Yeyusha moja kwenye maji mengi, koroga, ndipo utie nyingine.