Weka bei ya katoni kwenye katalogi

Wewe unayetengeneza sabuni, unga au juisi na kuwauzia wenye maduka kupitia WhatsApp Business, usiweke kwenye katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako humo, picha ya kipande kimoja na bei yake ukaishia hapo. Mwenye duka hanunui kipande, ananunua katoni. Weka bei ya katoni, kisha kwenye maelezo andika hivi: "Sabuni ya mche, gramu 800, katoni ina miche 12, oda kuanzia katoni 5." Kila bidhaa ipe namba yake, katalogi ina sehemu ya kuiandika. Ataagiza saa nne usiku akifunga hesabu, kwa namba tu, bila kukupigia kuuliza "ile ya bluu au ile nyingine?" Bei ikipanda, ibadilishe siku hiyohiyo, maana yeye ameshapiga hesabu ya faida yake kwa bei ya jana.