Namna ya Kuitetea Sekta ya Teknolojia Uganda Kabla Muswada Haujafika Bungeni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenye kampuni ndogo za programu, mawakala wa pesa za simu, wahadhiri na viongozi wa vyama vya kitaaluma ambao wamechoka kusikia habari za kodi mpya redioni ilhali imekwisha kupitishwa. Hauhusu namna ya kutengeneza programu nzuri wala namna ya kumpata mwekezaji. Unahusu kazi isiyopendwa sana, ile ya kukaa na watunga sera kwa wakati wao na kuwapa karatasi wanayoweza kuitumia.

Somo la tozo mbili

Mwezi Machi 2018 Rais alimwandikia Waziri wa Fedha barua akilalamikia lugambo, yaani umbea, unaosambazwa katika mitandao ya kijamii, na akataka watumiaji wake watozwe. Ilipofika mwisho wa Mei Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya sheria ya ushuru, na kuanzia tarehe 1 Julai kila aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alipaswa kulipa shilingi 200 kwa siku. Marekebisho hayohayo yalileta tozo ya asilimia 1 katika miamala ya pesa za simu.

Tozo hizo zilizaliwa siku moja, lakini hazikwenda njia moja. Ile ya pesa za simu ilipunguzwa mwaka huohuo hadi asilimia 0.5 na ikabaki katika utoaji wa fedha pekee, kwa kuwa madhara yake yalihesabika: mawakala walikuwa na vitabu vyao, na Benki Kuu yenyewe iliwaeleza wabunge kwamba miamala imeshuka. Ile ya mitandao ya kijamii ilidumu miaka mitatu. Watu walihamia VPN, yaani programu zinazoficha njia ya mtumiaji mtandaoni, na katika mwaka wake wa kwanza wa fedha Mamlaka ya Mapato ilikusanya takriban shilingi bilioni 49.5 badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa. Kelele zilizopigwa barabarani na mitandaoni zilikuwa nyingi na za haki, lakini kwa maoni yangu kilichoidhoofisha tozo hiyo zaidi ni hayo makusanyo duni.

Sehemu ya pili ya somo ni chungu zaidi. Tozo hiyo ilipoondolewa Julai 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 katika data ya intaneti. Hazina haiachi pengo. Sisi tuliokuwa tukidai iondolewe hatukuwa tumesema fedha hizo zitafutwe wapi kwingine, basi Wizara ikatafuta yenyewe, na ilipopata ilitukuta palepale.

Chagueni jambo moja, kisha lihesabuni

Chama kinachokwenda na madai kumi na mawili huonekana kama mtu aliyekuja kulalamika tu. Kaeni na wanachama, orodhesheni kero zote, kisha bakizeni moja ambayo inaumiza wengi, inaweza kurekebishwa kwa kifungu kimoja cha sheria au kanuni, na ambayo mnaweza kuionyesha kwa shilingi. Nyingine ziwekeni kwa miaka ijayo. Kikao hicho kitakuwa na ugomvi, na ni heri ugomvi huo utokee ukumbini kwenu kuliko mbele ya kamati ya Bunge.

Kuonyesha kwa shilingi ni kufanya hivi. Chukueni bando lenye thamani ya shilingi 10,000 kabla ya kodi yoyote. Ushuru wa asilimia 12 unalifikisha 11,200. Juu ya kiasi hicho huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 2,016, na mteja analipa 13,216. Pasipo ule ushuru angelipa 11,800. Tofauti ni shilingi 1,416 na si 1,200 kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa kodi ya pili hupanda mgongoni mwa ya kwanza. Sasa tuseme kampuni ya vijana sita pale Ntinda, mtaa wa Kampala, ambako kila mmoja anatumia data ya shilingi 150,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mwaka, ushuru huo unawagharimu shilingi 1,529,280, kiasi kinachoweza kununua kompyuta mpakato iliyotumika. Mbunge ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu anaielewa hesabu hiyo papo hapo, na anaweza kuirudia bungeni bila kuwatafuta.

Hesabu ya upande wa pili ni ya lazima pia: Serikali itapoteza kiasi gani, na kitafidiwa na nini? Ombi lenye mpaka hupita kwa urahisi kuliko ombi la jumla. Marekebisho ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2025 yanatoa mfano mzuri, kwani yaliwasamehe kodi hiyo kwa miaka mitatu raia wanaoanzisha biashara mpya kuanzia 1 Julai 2025, mradi mtaji usizidi shilingi milioni 500. Msamaha huo una kikomo cha muda, cha mtaji na cha uraia, hivyo mtu wa Hazina anaweza kukadiria mapema utamgharimu kiasi gani.

Kalenda ndiyo mkakati

Mwaka mmoja chama chetu, wakati huo kikiwa na wanachama wasiozidi thelathini, kilipeleka waraka wa kurasa arobaini na moja katika wiki ya tatu ya Mei. Tulikuwa tumeujalidi vizuri. Karani wa kamati alitugongea muhuri katika nakala yetu, akatutazama kwa huruma, akasema, “Bassebo (mabwana), ripoti imekwisha kuandikwa.” Muhuri ule ninao hadi leo.

Hotuba ya bajeti ya Juni, ambayo huwaamsha watu wengi, hutangaza mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka Bunge liwe limeidhinisha bajeti kufikia 31 Mei. Hesabuni kurudi nyuma: kufikia 1 Aprili bajeti inayopendekezwa huwa imewasilishwa bungeni pamoja na miswada ya kodi, kufikia 1 Februari wabunge huwa wamekwisha kuupitia Waraka wa Mfumo wa Bajeti, ambao sheria inataka uwafikie kabla ya 31 Desemba, na waraka huo huanza kuandaliwa Septemba, Wizara ya Fedha inapotuma maelekezo ya kwanza kwa wizara na idara nyingine. Kwa hiyo mwenye pendekezo la kodi alipeleke kati ya Septemba na Novemba, wakati maofisa bado wanatafuta mawazo na hakuna mkubwa aliyejifunga hadharani kwa jambo lolote. Aprili na Mei ni miezi ya kurekebisha maneno. Atakayetaka kubadili wazo zima katika miezi hiyo atakuwa amechelewa.

Mahakama ipo, lakini ni njia ndefu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa la jinai, kilikuwapo tangu 2011, na Mahakama ya Katiba ilikibatilisha Januari 2023.

Nani ameshika kalamu?

Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kwenda Mamlaka ya Mapato kulalamikia viwango vya kodi. Mamlaka hukusanya tu. Viwango hubuniwa Wizara ya Fedha, katika idara ya sera za kodi, na muswada wake ukifika bungeni hupelekwa katika Kamati ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi, wala si katika kamati inayoshughulikia teknolojia, ambako mna marafiki. Leseni za mawasiliano ziko Tume ya Mawasiliano. Mifumo na viwango vya kompyuta serikalini viko NITA-U, yaani Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na ofisi ya ulinzi wa data binafsi iko chini yake. Malipo ya kielektroniki ni ya Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2020, na ni vyema kujua kwamba chini ya sheria hiyo kuna kanuni za 2021 zinazoruhusu huduma mpya kufanyiwa majaribio kwa usimamizi wa Benki kabla ya kupewa leseni kamili. Kampuni nyingi changa haziitumii nafasi hiyo kwa sababu tu hazijaisoma.

Ndani ya ofisi hizo msimtafute waziri kwanza. Mtafuteni ofisa anayeandika rasimu, mpeni karatasi yenu, mjibuni upesi akipiga simu kuuliza jambo. Na msimpe kitu kingine chochote. Mtu akiwaambia kwamba waraka hautembei bila chai, ondokeni. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamhusu mtoaji sawasawa na mpokeaji, na chama kilichowahi kutoa bahasha hakiwezi tena kudai kanuni za haki mbele ya yeyote.

Lugha ya mpango wa taifa

Fedha za Serikali hufuata mpango. Mpango wa Nne wa Maendeleo ya Taifa unahusu miaka ya 2025/26 hadi 2029/30, na Mamlaka ya Taifa ya Mipango hutoa kila mwaka cheti kinachoonyesha kama bajeti inaendana na mpango huo. Ombi lenu, hata likiwa zuri namna gani, lisipofungamana na lengo lililoandikwa humo humpa ofisa kazi ya kulitetea bila silaha. Someni pia Ramani ya Mageuzi ya Kidijitali iliyozinduliwa 2023, tafuteni lengo linalowahusu, kisha tumieni maneno yaleyale waliyotumia wao. Si unafiki; ni kumrahisishia mtu kunakili.

Mpango wa chama chenyewe uwe mfupi, ukurasa mmoja kwa miaka mitatu: jambo la mwaka huu, ofisi husika, mtu anayewajibika, na fedha zitakazotumika. Kuhusu fedha, tozeni ada kwa wanachama hata ikiwa ndogo. Kampuni kubwa ya simu inaweza kujitolea kulipia kila kitu, ukumbi na chakula pamoja, lakini mtashangaa jinsi suala la gharama ambazo kampuni ndogo hulipa kutumia mitambo yake litakavyokuwa linasogezwa hadi kikao kijacho.

Kodi huwavuta watu wote, ilhali ununuzi wa umma pengine ungeisaidia sekta hii zaidi. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa mifumo, na sera ya Nunua Uganda, Jenga Uganda ipo tangu 2014, lakini kampuni ya miaka miwili huondolewa katika zabuni mlangoni kwa kudaiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa na ushahidi wa kazi kubwa za aina hiyohiyo. Msiombe upendeleo wa jumla. Ombeni zabuni kubwa zigawanywe katika vipande, na kazi za chini ya kiasi fulani zitengwe kwa kampuni za wazalendo.

Mengine hayamalizwi Kampala. Nchi yetu haina bahari, na intaneti yetu hupitia mikongo inayofika Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo sehemu ya bei yake huamuliwa na makubaliano na majirani. Jengeni uhusiano na vyama vya Kenya na Tanzania ili hoja moja ifike katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka pande tatu. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, kitawafaa huko, na kitawafaa pia Busia na Arua mnapokusanya ushahidi kwa mawakala na wafanyabiashara.

Siku ya kamati

Mwaka uliofuata baada ya ule muhuri tulikwenda mapema, tukiwa na kurasa tatu. Mwenyekiti alisikiliza kwa dakika chache, akainua mkono, akauliza, “Mnataka kifungu kisomeke vipi?” Tulitazamana. Tulikuwa na hoja, mifano na michoro ya rangi, lakini hatukuwa na sentensi. Tangu hapo kila waraka wetu una sehemu yenye mistari miwili: kifungu kilivyo katika muswada, na kifungu tunavyotaka kiwe. Sehemu hiyo iandikwe na mwanasheria, katika Kiingereza cha sheria kinachotumika bungeni, ili karani aweze kuibandika katika ripoti bila kuifasiri.

Peni nakala za kutosha wabunge wote pamoja na makarani. Azungumze mtu mmoja, na kama inawezekana awe mwanachama anayeumizwa na jambo lenyewe, badala ya mwenyekiti mwenye suti. Mwuza duka anayeeleza jinsi anavyotoa risiti husikika kuliko mhandisi anayemweleza huyo mwuza duka. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu ya mfumo wa risiti za kielektroniki uliokuwa umeanza 2021, na wakati huo watu wengi wa teknolojia walikaa kimya kana kwamba mfumo wa kompyuta ukigomewa sokoni hauwahusu.

Sheria ikitiwa saini, kazi hugeuka kuwa ya kanuni, ambazo huandikwa kimya wizarani na mara nyingi ndizo zenye makali. Pateni nakala iliyochapishwa katika Gazeti la Serikali, ilinganisheni neno kwa neno na mliyokubaliana kamatini, kisha iandikieni wizara mkiomba kuiona rasimu ya kanuni. Mkinyamaziwa, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayompa ofisa siku 21 za kujibu, na andikeni tarehe ya kupokelewa kwa ombi lenu juu ya nakala mtakayobaki nayo.