Namna ya kufundisha uteuzi asilia kwa maharage

Mwalimu wa Bukavu anayetaka kueleza kwa nini gorila wa hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki ya Kongo, wamo hatarini hana haja ya maabara. Kitenge kimoja chenye mabaka meusi na ya kahawia kinatosha, pamoja na maharage ya rangi tatu kutoka soko la Kadutu.

Tandaza kitenge mezani, umwage juu yake maharage 60: mekundu 20, meupe 20 na meusi 20. Wanafunzi wageuke mmoja mmoja na kunyakua haraka punje ya kwanza wanayoiona, mpaka 40 zimeondoka. Kila punje iliyosalia ipewe watoto wawili wa rangi yake, ili idadi irudi 60, kisha mrudie. Kwa kawaida, baada ya raundi tatu meupe huwa yamebaki machache sana.

Hapa usiharakishe, kwa kuwa wengi watasema kwamba maharage "yamejifunza kujificha". Waulize ni punje ipi iliyobadilika rangi. Hakuna, kilichobadilika ni uwiano wa rangi, kwa sababu viumbe walitofautiana, tofauti hizo zikarithiwa, na wengine wakaacha watoto wengi kuliko wenzao. Huo ndio uteuzi asilia.

Sasa anza upya na 60, lakini wanafunzi wafumbe macho na kutoa 15 kila raundi, na kila wanne waliosalia wazae mmoja tu (masalio ya hesabu yaachwe). Katika raundi ya saba kitenge kitakuwa kitupu. Gorila jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 10 hivi, kisha hupata mtoto mmoja kila baada ya takriban miaka minne, na mtego wa waya hauchagui, kama mkono wa aliyefumba macho. Gorila wote wa aina hii, wa mashariki ya Kongo, walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Makadirio ya 2021 yalikuwa karibu 6,800.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama mwindaji hawezi kuwa mteuzi. Anaweza. Huko Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliua tembo wengi kwa ajili ya pembe, na majike wasio na pembe wakaongezeka kutoka karibu 18 hadi karibu 50 kwa kila mia. Hata hivyo, urithi huo wa kukosa pembe una gharama yake: mimba ya dume anayeurithi haifiki kuzaliwa.