Kuutunza Mti wa Mepo wa Kijapani Uliopandwa Karibuni Wakati wa Joto Kali

Mti wa mepo wa Kijapani, ambao jina lake la kitaalamu ni Acer palmatum, asili yake ni misitu ya Japani na Korea, ambako hukua chini ya kivuli cha miti mirefu zaidi, katika udongo wenye mboji nyingi na unyevunyevu wa kudumu. Majani yake ni mepesi, gome lake ni jembamba, na mizizi yake haizami sana bali hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mti uliokwisha kushika ardhi kwa miaka kadhaa huvumilia joto kuliko watu wengi wanavyodhani. Uliopandwa majuzi hauna uvumilivu huo, na ingawa madhara huonekana kwenye majani, chanzo chake mara nyingi kimo chini ya udongo.

Mche unapotoka kitaluni, mizizi yake yote imo ndani ya bonge lenye umbo la chombo ulichooteshewa. Bonge hilo kwa kawaida halina udongo wa bustani. Ni mchanganyiko mwepesi wa maganda ya miti yaliyosagwa, mboji na chembe nyingine nyepesi, uliotayarishwa ili maji yapite upesi. Likiwekwa katikati ya udongo mzito zaidi, hutokea jambo ambalo wapandaji wengi hawalitarajii: udongo wa pembeni huwa umelowa huku bonge lenyewe likiwa limekauka, kwa sababu udongo wenye chembe ndogo huyashikilia maji yake kwa nguvu na hauyaachii kwa urahisi yaingie kwenye mchanganyiko wenye nafasi kubwa kati ya chembe. Mizizi bado haijavuka mpaka wa bonge. Kwa hiyo, kwa majuma kadhaa ya mwanzo, mti huo unaishi kwa maji yaliyomo ndani ya bonge peke yake, hata kama ardhi yote inayouzunguka ni tope. Ni kawaida kabisa kumkuta mtu aliyemwagilia kila siku kwa bidii, majani yakawa yananyauka, akaongeza maji pembeni, na kumbe ndani ya bonge hakuna tone lililofika.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza, na ninaouona kuwa na uzito kuliko yote yanayofuata, ni kupima unyevu kwa mkono kabla ya kumwaga maji. Chomeka kidole, au kijiti kikavu, ndani ya bonge karibu na shina hadi kina cha sentimita 5 hadi 8. Kisha fanya vivyo hivyo katika udongo ulio nje ya bonge. Bonge likiwa kavu, mwagilia. Likiwa na ubaridi na unyevu, subiri, hata kama kalenda inasema siku ya kumwagilia imefika. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, na kinafaa kufanywa kila siku wakati wa joto kali, kwa kuwa upepo mkavu wa siku moja unaweza kumaliza maji ambayo katika hali tulivu yangetosha kwa siku tatu.

Maji yamwagwe polepole juu ya bonge lenyewe, kuanzia karibu na shina kuelekea nje, ili yapate muda wa kuzama. Kwa mwanzo mzuri wa makadirio, kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina huhitaji lita 4 hadi 6 kwa mara moja. Katika majuma mawili ya mwanzo baada ya kupanda, mti huhitaji maji karibu kila siku. Baada ya hapo, hadi juma la 12 hivi, kila baada ya siku mbili au tatu. Kisha mara moja kwa juma mpaka mizizi ienee. Ratiba hii ni ya kuanzia tu. Udongo wa kichanga utataka maji mapema zaidi, na udongo wa mfinyanzi utakaa nayo kwa muda mrefu. Bonge likiwa limekauka kupita kiasi, huyakataa maji: yatateremka ubavuni na kupotea bila kuingia ndani. Hapo dawa ni kuachia bomba litiririke kidogokidogo kwa muda mrefu, au kumwagilia kidogo, kupumzika kwa robo saa, na kurudia mara tatu au nne. Tuta dogo la udongo lililojengwa kwa mviringo ukingoni mwa bonge, kama sahani, husaidia sana kuyazuia maji yasikimbie.

Wakati ulio bora ni asubuhi na mapema, ili mti ulikabili jua la mchana ukiwa umeshiba. Hata hivyo, ukiukuta umenyauka saa nane mchana na bonge ni kavu, usingoje kesho. Mwagilia hapo hapo. Hofu kwamba matone ya maji juu ya majani yatakusanya mwanga wa jua na kuyaunguza haina msingi kwa majani laini yasiyo na vinyweleo kama haya. Kilicho cha kweli ni kwamba maji yenye chumvi huacha chumvi hiyo juu ya jani yanapokauka, na kwa hiyo ni heri kuyaelekeza kwenye udongo.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo ni maji kuzidi, nao huua miti mingi. Mizizi inahitaji hewa, na bonge lililotuama ndani ya shimo lisilopitisha maji huwa kama mche uliowekwa kwenye ndoo. Mizizi ikikosa hewa huanza kuoza, hushindwa kunyonya, na majani hunyauka namna ile ile kama ya mti wenye kiu. Mwenye mti akiyaona huongeza maji, na uharibifu hukamilika. Dalili zinazofanana kiasi hiki haziwezi kutofautishwa kwa macho, bali kwa kidole ndani ya udongo. Kabla ya kupanda, ni busara kuchimba shimo la kina cha sentimita 30, kulijaza maji, kuyaacha yazame, kulijaza tena na kutazama: maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo hapafai bila kuinua tuta la kupandia. Kama mti umeshapandwa na shingo yake, yaani pale shina linapotanuka kuwa mizizi, imefukiwa, ondoa udongo uliozidi mpaka shingo ionekane. Mti uliopandwa chini mno hupumua kwa shida majira yote, na joto humaliza nguvu kidogo zilizobaki.

Sasa tuyatazame majani. Kingo zinapogeuka kahawia na kukauka, kuanzia kwenye ncha kuelekea katikati, maana yake ni kwamba maji yaliyotoka kwa njia ya mvuke kupitia vitundu vya majani yamezidi yale ambayo mizizi imeweza kuyapandisha, na sehemu zilizo mwisho wa njia ndizo zilizokosa kwanza. Huu si ugonjwa wala si kazi ya wadudu, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya. Joto linalopita nyuzi 32 za selsiasi, upepo mkavu na jua la alasiri vikikutana kwa siku moja, hata mti uliomwagiliwa vizuri unaweza kuungua kidogo, kwa sababu mizizi michache ya mwaka wa kwanza haiwezi kwenda sambamba na mahitaji.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Jani lililokua kivulini huwa pana na jembamba, na jani lililokua juani huwa nene na gumu zaidi. Na jani likishakomaa, haliwezi tena kujibadilisha kwa kiasi kikubwa. Mche uliolelewa chini ya wavu wa kivuli kitaluni, ukahamishiwa juani katikati ya msimu wa joto, unabeba majani ya kivulini mpaka majani mapya yatakapochipua. Kuungua kwa mti wa namna hiyo katika majira ya kwanza hakuonyeshi kwamba mahali ni pabaya. Majani ya mwaka unaofuata, yakifunguka hapo hapo, mara nyingi hustahimili mwanga ambao yale ya kwanza yalishindwa kuuvumilia. Kwa sababu hiyo sishauri kuuhamisha mti katikati ya joto kwa kuogopa madoa ya kahawia. Kuukatia mizizi kwa mara ya pili ni hatari kubwa kuliko jua lenyewe.

Kinachofaa ni kuupelekea kivuli pale ulipo. Wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga, ukitandazwa juu ya nguzo upande linakotokea jua la alasiri, hubadilisha hali ya mti ndani ya siku chache. Wavu usiguse majani, na usiuzungushe mti pande zote, kwa kuwa hewa lazima ipite. Kitambaa chepesi kilichofungwa kwenye miti miwili kitatosha kwa siku za dharura. Kwa anayechagua mahali sasa hivi, upande wa mashariki wa nyumba au wa mti mkubwa ndio unaopendeza: jua la asubuhi huleta rangi, na kivuli cha alasiri huokoa majani. Kuta nyeupe, sakafu za saruji na kokoto huakisi joto, na mti uliopandwa mbele yake hupigwa na joto kutoka pande mbili. Aina zenye majani yaliyochanika kama nyuzi na zile zenye mabaka meupe huungua kwanza kuliko zote. Bloodgood yenye majani mekundu na Seiryu ya kijani huvumilia jua zaidi, ingawa nazo katika mwaka wa kwanza zinahitaji ulinzi huo huo.

Matandazo ni rafiki wa karibu wa mizizi inayotambaa juujuu. Vipande vya mbao, maganda ya miti au majani makavu, yakiwekwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8 juu ya bonge na kupita ukingo wake, hupunguza joto la udongo, huzuia maji yasipotee na hukandamiza magugu. Yasiguse shina. Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kulizunguka, kwa sababu gome linalofunikwa na unyevu wakati wote huoza. Changarawe na mawe havifai kwa kazi hii kwenye joto. Vinahifadhi joto la mchana na kuupasha udongo moto. Kabla ya kumwagilia, sogeza matandazo kidogo uone kama maji yanafika kwenye udongo, maana safu iliyo nene sana hunywa maji yote yenyewe.

Kuhusu mbolea, jibu ni fupi: usiweke. Chumvi za mbolea hufyonza maji kutoka kwenye mizizi michanga, na naitrojeni huusukuma mti kutoa machipukizi laini ambayo joto litayachoma mara moja. Kupogoa nako kungoje. Majani yaliyoungua nusu bado yana nusu ya kijani inayotengeneza chakula, na hata yale yaliyokauka kabisa huyatilia kivuli matawi yenye gome jembamba linaloweza kubabuka juani.

Mti ukipukutisha majani yote katikati ya joto, usiung'oe. Kwaruza gome la kijitawi kwa ukucha: ukiona rangi ya kijani na unyevu chini yake, tawi liko hai, na linaweza kuchipua upya baada ya majuma machache. Mti usio na majani unatumia maji kidogo sana, kwa hiyo punguza kumwagilia na urudi kwenye kipimo cha kidole. Hali iliyo tofauti ni pale tawi moja au upande mmoja tu unaponyauka ghafla huku sehemu nyingine zikiwa na afya, na tawi hilo likikatwa mshazari linaonyesha michirizi ya rangi nyeusi au ya zeituni ndani ya ubao. Hiyo ni dalili ya mnyauko wa Verticillium, kuvu anayeishi udongoni na kuziba njia za maji. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliopatwa. Tawi lililokufa hukatwa, kifaa husafishwa, na mti mwingine wa mepo haupandwi mahali pale.

Kwa mti ulio ndani ya chungu, yote haya hufanyika kwa haraka zaidi. Chungu cheusi kilichoachwa juani hupasha mizizi ya pembeni joto la kuiua, na mchanganyiko wake unaweza kuhitaji maji asubuhi na jioni. Kiweke chungu hicho kivulini, au kiingize ndani ya chungu kingine kikubwa cha rangi ya mwanga.

Joto likishapungua, usiache kumwagilia ghafla. Mizizi huendelea kukua baada ya majani kuanza kubadilika rangi, na kila sentimita inayoongezeka nje ya bonge wakati huo ni kiasi ambacho mti hautakutegemea wewe katika majira yajayo ya joto. Endelea kupima na kumwagilia mpaka majani yadondoke. Majira ya pili yakianza, chomeka kidole tena ndani ya bonge na nje yake. Ukikuta unyevu unapungua kwa usawa pande zote mbili, mizizi imevuka mpaka, na kuanzia hapo eneo la kumwagilia linaweza kupanuliwa.