Jinsi ya kupima kasi ya neva (mishipa ya fahamu) kwa simu na watu 20

Kaeni duara sakafuni, kila mtu amshike wa kulia kwake kifundo cha mguu. Mwenye simu anawasha stopwochi huku anambana jirani, jirani akisikia tu nae anambana wa kwake, inazunguka hivohivo mpaka imrudie mwenye simu anazima. Raundi za mwanzo ni vicheko tu, msizihesabu, rudieni mpaka muda utulie ndo muandike. Alafu fanyeni vilevile ila sasa mnabana bega.

Ya kifundo itachukua muda zaidi na hapo ndo utamu ulipo, maana kuamua na kubana ni kulekule mara zote mbili, kilichoongezeka ni njia tu ya ishara kufika kwenye ubongo. Pima toka kifundo hadi bega kwa futi ya fundi cherehani. Tuseme mita 1.2, mara watu 20 ni mita 24, muda ukizidi kwa sekunde 0.6 basi ni mita 40 kwa sekunde. Mwaka 1850 mwanasayansi Mjerumani Helmholtz alipima neva ya chura akapata kama 27.

Kinachosafiri sio umeme kama wa kwenye waya. Seli ya neva ikiwa imetulia ndani yake ni kama milivolti -70, ukibanwa vijimlango kwenye utando wake vinafunguka, sodiamu inamiminika ndani, hapo panageuka chanya na vijimlango vya pembeni navyo vinafunguka, huku nyuma potasiamu inatoka kurudisha hali. Yaani duara lenu ndo picha yake kabisa, kila mmoja anamshtua mwenzie!

Mkia mrefu wa seli unaitwa aksoni, ukivikwa mailini, ambayo ni mafuta mafuta, ishara inaruka kutoka mwanya hadi mwanya wa hiyo mailini ndo maana inawahi. Nyuzi za maumivu ya kuuma polepole hazina mailini, zinaenda kama mita 1 kwa sekunde, ndo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda unasikia kwanza kugonga, uchungu wenyewe unafika baadae.

Na kinachonishangaza mpaka leo, toka kifundo hadi chini ya ubongo ni seli MOJA, mwili wake uko pembeni ya uti wa mgongo, tawi moja linashuka mguuni jingine linapanda. Inapoishia kuna mwanya, sinapsi, hapo inamwaga kemikali ndo seli ya pili inapokea.

Mkipata namba ya ajabu kama 200 ongezeni watu, tofauti ya muda ikiwa ndogo sana inamezwa na uzito wa vidole.